Kelele za mtandao, gharama za Bunia

Chukua Kanuni ya Adhabu ya Kongo uisome kuanzia kifungu cha kwanza mpaka cha mwisho. Hutakuta mahali panaposema mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake afungwe, wala mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake. Katiba ya 2006, ibara ya 40, inataja ndoa kuwa ya watu wa jinsia tofauti, basi. Kinachotumika kuwakamata watu ni kifungu cha 176, cha kuvunja maadili hadharani, ambacho adhabu yake ni siku 8 hadi miaka 3. Kifungu hicho kinahusu matendo ya hadharani, lakini nimeona kikivutwa mpaka kikaingia chumbani kwa mtu aliyekuwa amejifungia mlango wake.

Mimi ni mtetezi mahakamani hapa Bunia, mkoani Ituri, na nywele zimeanza kunigeuka mvi katika kazi hii. Nitasema msimamo wangu mapema ili msomaji asihangaike kuubahatisha. Ninaamini mtu anayempenda wa jinsia yake ana haki ya kulala usiku bila hofu, kufanya kazi, kuimba kanisani na kutembea Boulevard de Libération kama mimi. Ninasali kila Jumapili na sioni kwamba imani yangu inanikataza kuamini hivyo. Swali linalonisumbua ni lingine: je, kampeni za mitandao ya kijamii zinawasogeza watu hawa karibu na haki hiyo? Kwa mji wetu jibu langu ni kwamba zile za wazi, zenye picha na nyuso, mpaka sasa zimemnufaisha zaidi mnyang'anyi na mwanasiasa. Zile za siri, ambazo hakuna anayezipigia makofi, zimeokoa watu.

Kijana mmoja alikuja ofisini kwangu jioni, wauzaji wakiwa wanafunga meza zao. Alisubiri mpaka mwenye kabini ya jirani alipoondoka, ndipo akaketi. Akaweka simu mezani, kioo kimepasuka kona moja, akasema, "Papa, soma wewe mwenyewe." Ujumbe wa kwanza ulikuwa mfupi: dola 20 kabla ya saa kumi na mbili, la sivyo picha inaingia kwenye kikundi cha kwaya. Wa pili ulidai dola 50. Wa tatu ulidai dola 100, na safari hii mwandishi alikuwa ameorodhesha majina ya viongozi wa kwaya, mmoja baada ya mwingine, kijana ajue kwamba hatanii.

Nikaomba kuiona picha. Ulikuwa uso wake tu, na shati jeupe la Jumapili, umezungushiwa rangi za upinde wa mvua. Kampeni fulani ya Ulaya ilikuwa imewaomba watu popote walipo waweke rangi hizo kwenye picha zao za Facebook kuonyesha mshikamano. Aliiweka usiku, akaitoa alfajiri. Ndani ya saa hizo chache kuna mtu aliyeinakili. Kijana alikuwa ameshalipa mara mbili kwa Airtel Money, na pesa ya pili ilikuwa minervali, yaani ada ya shule, ya mdogo wake.

Nikamfungulia kifungu cha 84. Anayemtoa mtu pesa kwa vitisho anafungwa miaka 5 hadi 20. Kwa sheria, mhalifu katika habari hii ni mmoja tu, na hakuwa yeye. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza: "Sasa Papa, pale parke, kwa waendesha mashtaka, wakiniuliza picha ni ya nini, nitajibu nini?" Sikuwa na jibu la kumpa lenye uhakika. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri imekuwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na kwa muda mrefu kesi za jinai za raia zilipelekwa kwa wanajeshi. Mlalamikaji aliyeingia na simu ya namna ile angeweza kuishia kasho, mahabusu, akiwa mshitakiwa.

Kilichomwokoa ni mtandao huohuo. Palikuwa na kikundi kidogo cha WhatsApp ambacho ukikiona hutakitilia shaka. Picha yake ni sahani ya sombe. Humo watu hupeana habari za mahali pa kuepuka, za muuguzi asiyeuliza maswali ya kudhalilisha, na namba za simu za wanaotishia. Kijana alipoiandika ile namba, wenzake watatu wakajibu kwamba imewahi kuwatoza na wao. Nikaandika barua moja kwa niaba ya watu nisiowataja, nikaambatisha ushahidi wa malipo yote, nikakinukuu kifungu cha 84, nikaituma kwenye namba ile. Vitisho vikakoma. Kijana, hata hivyo, hakurudi kwenye kwaya. Alihama Bunia, na pesa zake hazikurudi.

Nimewaeleza habari hii, bila kumtambulisha, wanaharakati wawili watatu walioko ng'ambo. Wote walihuzunika kwa dhati. Lakini mmoja aliniuliza kama kijana angekubali kurekodi video ya ushuhuda, uso ukiwa umefichwa. Hapa mtu hujulikana kwa sauti, kwa mwendo, kwa mkono ulioshika kikombe. Mji wetu una wageni wengi waliokimbia vita vya Djugu na Irumu, lakini kila mtaa una macho yake, na video ikishatoka Montreal hurudi mtaani kwetu Nyakasanza kabla ya chakula cha jioni.

Kuna mahali ambapo kelele zilisaidia, na ni haki nipataje. Aprili 2022 Sheila Lumumba aliuawa kikatili huko Karatina, Kenya. Kwa siku kadhaa habari hiyo haikuwa habari. Marafiki zake wakaanza kuandika kwa alama ya reli inayodai haki yake, ikasambaa mpaka magazeti na polisi wakalazimika kugeuka. Januari 2023 mwili wa Edwin Chiloba, mwanamitindo na mtetezi, ulikutwa ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara karibu na Eldoret. Mtandao ulilia naye, na mtandao huohuo ukamtukana maiti. Desemba 2024 mahakama ilimhukumu aliyemuua kifungo cha miaka 50. Nawaheshimu waliopaza sauti, na ningepaza pamoja nao. Ila wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Aliyekufa hatozwi dola 50 kwa ajili ya picha.

Na tukitazama ushindi mkubwa wa kisheria wa Kenya, tunakuta mafaili. Chama cha kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja kilinyimwa usajili, kikaenda mahakamani mwaka 2013, kikashinda Mahakama Kuu, kikashinda Mahakama ya Rufani, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ikakipa haki kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Miaka kumi ya mawakili wenye subira. Angola, jirani yetu mwenye mpaka mrefu kuliko wote, iliandika kanuni mpya ya adhabu isiyo na kosa la mapenzi ya jinsia moja, Bunge lake likaipitisha Januari 2019, ikaanza kutumika Februari 2021. Nawauliza mawakili wenzangu hapa kama walisikia. Wengi hawakusikia, na nadhani hiyo ilikuwa sehemu ya mafanikio yake.

Mwanasiasa yeye anahitaji hadhira, na ugomvi wa mtandaoni humletea hadhira iliyokwisha kupata moto. Mwaka 2010 mbunge Ejiba Yamapia alipeleka mswada wa kuwaadhibu wapenzi wa jinsia moja. Mwaka 2013 Steve Mbikayi akapeleka wake. Yote miwili haikuwa sheria. Juni 2024 Constant Mutamba, Waziri wa Sheria wakati huo, akaenda njia ya mkato: aliwaagiza waendesha mashtaka wawaandame watu hao, ingawa kanuni ya adhabu haikubadilika hata nukta. Ibara ya 17 ya katiba inakataza mtu kushtakiwa kwa tendo ambalo si kosa siku lilipotendwa. Waziri wa sheria alipaswa kuwa wa kwanza kuikumbuka. Nilitegemea kuiona ibara hiyo kila mahali wiki ile. Nilichokiona kwenye simu yangu ni matusi ya wanaomshangilia waziri na matusi ya wanaompinga, na picha za Wakongo waliodhaniwa kuwa "ni wao", zikisambazwa na pande zote mbili, mmoja kwa kuwalaani na mwingine kwa kuwahurumia.

Kanisa nalo lilikuwa limetangulia kupata wimbi lake. Desemba 2023 Roma ilitoa waraka uliowaruhusu mapadre kuwabariki watu walio katika mahusiano ya jinsia moja, na tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Ambongo wa Kinshasa akatangaza kwa niaba ya maaskofu wa Afrika kwamba baraka hizo hazitafanyika kwetu. Vikundi vya WhatsApp vya parokia vilijaa sauti zilizorekodiwa. Nilizisikiliza nyingi. Watu ambao miaka yote waliimba pamoja walianza kukisia nani ni nani.

Sisi wa Ituri tunapaswa kuogopa kukisia kwa namna hiyo kuliko Wakongo wengine wote. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, uvumi wa kwenye simu ulitangulia kila gari la waganga. Novemba 2019, huko Lwemba wilayani Mambasa, Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya kijamii, aliuawa nyumbani kwake kwa sababu alikuwa akiwaelimisha wenzake juu ya ugonjwa. Alisema ukweli, kwa lugha ya watu wake, na bado walimwua. Anayeniambia kwamba posti ni posti tu, hakuwa hapa.

Ukivuka ziwa Albert kutoka Kasenyi unaingia Uganda, na huko tuna somo lingine. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapa picha na majina ya watu liliodai ni wapenzi wa jinsia moja, likitaka wanyongwe. Mwanaharakati David Kato, ambaye picha yake ilikuwamo, alilishitaki pamoja na wenzake, wakashinda mwanzoni mwa Januari 2011. Tarehe 26 ya mwezi huohuo aliuawa kwake. Hiyo ilikuwa karatasi, inayohitaji kiwanda na pesa. Leo kazi ya gazeti lile inafanywa na kijana yeyote mwenye mega 100. Sheria ya Mei 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ilipopitishwa huko, pamoja na kifungo cha maisha na hata adhabu ya kifo, iliweka wajibu wa raia kuwaripoti wenzao. Mahakama ya Katiba ya Uganda iliufuta wajibu huo Aprili 2024 na kuiacha sehemu kubwa ya sheria ikisimama. Waliolifanikisha hilo dogo walikuwa walalamikaji waliosaini majina yao mbele ya majaji. Facebook yenyewe imefungwa Uganda tangu Januari 2021.

Basi simshauri mtu azime simu. Nawaomba walio Brussels, Paris na Montreal, hasa Wakongo wenzetu, wabadilishe wanachokituma. Waache kuomba nyuso. Wasiweke jina la mtaa, shule wala parokia. Watume sauti fupi kwa Kiswahili cha nyumbani, zinazoeleza kwamba ibara ya 31 inalinda siri ya mawasiliano na hivyo askari hana ruhusa ya kuchokonoa simu yako kwa sababu amependa. Kwamba anayekutoza kwa vitisho anaingia kifungu cha 84. Kwamba kumsumbua mtu mtandaoni ni kosa pia katika Kanuni ya Dijitali ya Machi 2023. Sauti kama hiyo inaweza kusikilizwa na mama wa kijana bila kushtuka, kwa kuwa inamlinda na yeye pia: wanyang'anyi wa picha wanawatoza wake za watu, wafanyabiashara, hata watumishi wa Mungu. Ukijenga hoja hapo, jirani asiyekubaliana nami juu ya mapenzi atakubaliana nami juu ya wizi.

Na pesa zinazolipia matangazo ya kampeni zilipe ada za mahakama. Kufungua malalamiko, kunakili faili, kumpatia shahidi nauli na mahali pa kulala kwa wiki moja mbali na mtaa wake: mambo hayo ndiyo yanayoamua kama mtu atathubutu kwenda parke au atalipa tena kimyakimya. Nimewahi kupoteza mlalamikaji kwa sababu ya nauli ya pikipiki.

Bunge la Kinshasa hufungua vikao vyake vya kawaida tarehe 15 Machi na 15 Septemba. Sina shaka kwamba mswada wa namna ile ya Yamapia na Mbikayi utapelekwa tena siku moja, na safari hii mpelekaji atakuwa na wafuasi tayari kwenye TikTok. Wanaotaka kusaidia wana wabunge wanaowafahamu, wengine ni ndugu zao. Wawapigie simu sasa, wawakumbushe ibara ya 17, na mazungumzo hayo wasiyarekodi.