Kwa Mkurugenzi Mkuu wa RUWASA: Sisi Tunaojitolea, Tuwekeeni Masharti

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA),

Mimi ni mmoja wa watu wanaokwenda vijijini kwa kujitolea: kufunga pampu, kulaza mabomba, kufundisha usafi. Tuko wa kila namna. Wapo wanafunzi wa vyuo wanaotumia likizo zao, wapo waumini wa makanisa na misikiti waliochangishana, wapo mafundi waliostaafu, wapo vijana wa Ulaya na Marekani wanaokaa majuma matatu kisha wakarudi kwao. Kijiji kinatupokea kwa ngoma na vigelegele, utepe unakatwa, picha zinapigwa maji yakiruka na watoto wakicheka.

Ombi langu ni kwamba ofisi yako isiishie kutupokea. Itudai. Ituwekee masharti kabla jembe halijagusa ardhi, na itufuatilie hadi mwaka wa tano.

Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilitoa uchambuzi wake wa hali ya maji na usafi nchini Tanzania. Ulionyesha kwamba karibu asilimia 40 ya vituo vya maji vijijini havikuwa vikifanya kazi, na kwamba takriban kituo kimoja kati ya vitano huharibika ndani ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza, rangi ya kibao cha mfadhili bado inang'aa! Najua hiyo ilikuwa kabla ya Wakala wako kuanza kazi Julai 2019, chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka huo, na najua kazi kubwa iliyofanyika tangu hapo. Lakini mazoea yaliyozaa takwimu zile kwa upande wetu sisi wa kujitolea hayajabadilika sana. Bado tunapenda kuchimba kipya kuliko kufufua kilichokufa. Kipya kina sherehe.

Anayetaka kujua kisima hufa vipi asimame pale pampu ya mkono inapofunguliwa. Chukulia Afridev, ambayo vijiji vingi vinaifahamu. Fundi anahitaji spana moja tu. Anafungua kifuniko, anautoa mpini, kisha anaanza kuvuta fito za chuma kutoka shimoni, moja baada ya nyingine, anazilaza kwenye majani mpaka zinafanya safu ndefu inayochuruzika maji. Mwisho inatoka pistoni, na juu yake umevikwa mpira mweusi unaokaa kiganjani. Ukiuzungushia kidole unasikia upande mmoja umelika. Basi, ugonjwa ndio huo. Mpira mpya ukipatikana, kabla ya adhuhuri maji yanatoka. Usipopatikana, kina mama wanarudi korongoni kufukua mchanga na kusubiri maji yajikusanye, kikombe kwa kikombe, pamoja na ng'ombe wanaosubiri zamu yao.

Pampu hiyo haikutengenezwa ili mtaalamu aitwe kutoka mjini. Ilikuzwa miaka ya 1980, Malawi na huko Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, kwa makusudi kwamba kijiji kiweze kuifungua na kuitengeneza chenyewe. Wanawake wa Kwale walifundishwa kuvuta fito na kubadilisha mipira, na waliifanya kazi hiyo. Kilichohitajika ni mafunzo na duka lenye vipuri mahali panapofikika kwa baiskeli. Sasa tazama tunachofanya. Kikundi kimoja kinaleta pampu ya aina hii, kingine kinaleta ya aina ile kwa sababu mfadhili wake ndiyo anayoijua, cha tatu kinaleta pampu ya sola ambayo kifaa chake cha kuendeshea mota hakipatikani hata makao makuu ya mkoa. Kata moja inaweza kuwa na pampu za aina tatu, nne, na fundi wa kijiji aliyefundishwa moja.

Sharti la kwanza ninaloliomba ni hili: pasiwepo kikundi cha kujitolea kitakachochimba kisima kipya katika wilaya yoyote kabla Meneja wa RUWASA wa wilaya hajakipa orodha ya vituo vilivyokufa, na kabla hakijafufua kadhaa kati ya hivyo. Na kifaa chochote kitakachofungwa kiwe cha aina ambayo vipuri vyake vinauzwa ndani ya mkoa. Mkiweka sharti hilo, baadhi yetu tutakasirika na kwenda kutafuta nchi nyingine. Waacheni waende. Watakaobaki ndio mnaowahitaji.

Kuhusu kibali cha bodi ya maji ya bonde, majaribio ya wingi wa maji na vipimo vya maabara sina haja ya kusema mengi, sheria ipo na inajulikana. Isimamiwe tu, hata pale mgeni anapokuja na zawadi.

Nataka nikae zaidi kwenye elimu ya usafi, kwa sababu ndiko tunakofanya kazi kwa haraka kuliko kwingine kote. Bajeti ya mradi ikipungua, inayokatwa kwanza ni elimu. Inabaki siku moja ya semina chini ya mwembe, fulana na soda, halafu ripoti inaandikwa kwamba wanakijiji 300 wamefikiwa.

Ingia kwenye nyumba yoyote siku chache baadaye. Maji yametoka safi bombani, yamechotwa kwa ndoo iliyooshwa, yamefunikwa vizuri kwa sinia. Anakuja mtoto kutoka kucheza, anafunua, anatumbukiza kikombe pamoja na vidole vyake, anakunywa, anabakiza kidogo na kukirudisha ndooni. Mama anamwona, ila ana mwingine mgongoni na chungu motoni. Maji yaliyogharimu mamilioni kuyaleta yamechafukia hatua tatu kutoka kitandani. Dawa yake si semina. Ni ndoo yenye koki, au kata yenye mpini mrefu inayotundikwa ukutani, na mtu anayepita nyumba hiyo leo, juma lijalo na mwezi ujao, mpaka mtoto yule ashike desturi.

Jambo hili limepimwa. Magharibi mwa Kenya, katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, watafiti waligawa klorini, wakaboresha vyoo, wakafunga vibuyu chirizi vya kukanyaga kwa mguu, kimoja cha maji na kimoja cha maji ya sabuni. Matokeo yalitoka 2018, nayo yaliumiza: kuhara kwa watoto hakukupungua. Mwaka wa kwanza kaya nyingi zilikuwa na maji na sabuni pale pa kunawia. Mwaka wa pili nyingi zilikuwa zimeacha. Utafiti pacha ulifanyika Bangladesh, na huko kuhara kulipungua. Yapo mengi yanayotofautisha nchi hizi mbili, ila moja liko wazi: Bangladesh wahamasishaji walizitembelea kaya mara kadhaa kwa mwezi, Kenya walizitembelea mara chache zaidi. Nawaomba wote wanaodhani kwamba mabango na wimbo wa kunawa mikono vinatosha wausome utafiti huo kwa makini. Kunawa kwa sabuni kunafaa. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kunaweza kupunguza kuhara kwa karibu asilimia 30. Kinachoshindikana ni kuja mara moja na kuondoka.

Wala hatuna haja ya kwenda Bangladesh kujifunza kurudia mlango uleule. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kwa majuma 12, wakisikiliza kipindi cha redio, wakisoma kitabu, wakijadili malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi walipewa mafunzo mafupi, na wengi wao walikuwa wanakijiji wenyewe na walimu wao. Kila mkutano ulitakiwa kuzaa kazi: madimbwi yafukiwe, nyasi zifyekwe, choo kichimbwe. Huo ndio ulikuwa mradi mkubwa wa kujitolea kuliko wowote niliowahi kuuona ukiletwa na ndege, na waliojitolea walikuwa wenyeji. Kampeni ya Nyumba ni Choo ya miaka ya karibuni imeonyesha kwamba ari hiyo bado ipo ikiamshwa. Sisi wageni, wa ndani na wa nje, nafasi yetu ni kuwa wasaidizi wa viongozi wa namna ile, si kuchukua kiti chao.

Tena kuna mafundisho yanayokosea mahali. Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida maji ya ardhini yana madini ya floraidi kwa wingi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu iliwahi kulazimika kuruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini kwa kukosa njia mbadala. Athari zake zinaonekana kwa macho, meno ya kahawia kwa vijana, na kwa wengine mifupa iliyopinda. Katika vijiji kama hivyo anaingia mjitoleaji na bango la kuchemsha maji ya kunywa. Kuchemsha kunaua vijidudu, na hilo ni jema, lakini floraidi haiguswi na moto; maji yakipungua kwa mvuke, yanayobaki sufuriani huwa nayo kwa kiwango kikubwa zaidi. Mama amemaliza kuni zake akiamini amemkinga mwanawe na kila kilichomo. Wakati huohuo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko Meru, kimefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mjitoleaji anayekwenda ukanda huo apitishwe kwanza kwa watu wa namna hiyo, hata kwa siku mbili. Iwe lazima.

Yupo mjitoleaji mwingine ambaye hayumo kwenye picha zetu. Ni mama wa kamati ya maji anayefungua na kufunga koki alfajiri na jioni, anayeandika ndoo kwenye daftari, anayetukanwa akimwambia jirani alipe. Ni kijana aliyefundishwa ufundi, anayeingia dakioni mvua ikinyesha kuondoa tope, kwa viatu vyake mwenyewe. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezunguka vitongoji na dawa ya klorini mfukoni. Sheria ya 2019 imeunda vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, na hiyo ni hatua nzuri, kwani makusanyo ya maji yanaweza kumlipa fundi na mhasibu. Lakini vipo vyombo ambavyo makusanyo yake hayatoshi hata mafuta ya pikipiki. Huko kazi inaendeshwa na moyo wa watu wachache, wengi wao wanawake, na moyo huo tunauchukulia kama rasilimali isiyoisha.

Siamini kwamba ni haki mtu aliyevuka bahari kujitolea kwa mwezi mmoja kununuliwa tiketi, bima na chandarua, na yule anayejitolea mwaka mzima kijijini kwake akose buti na sabuni. Mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa 2024 umeanza kulisahihisha hili kwa upande wa afya. Naomba upande wa maji usibaki nyuma. Kila mradi wa kujitolea unaokuja kwenu uonyeshe, kwenye bajeti yake, posho na vifaa vya wenyeji watakaobaki na kazi, kwa miaka mitano. Mradi usioweza kuonyesha fungu hilo haujawa tayari.

Mnaweza kuuliza nani atasimamia yote haya, na meneja wa wilaya ana gari moja na vijiji kwa makumi. Swali la haki. Ndiyo maana naomba masharti haya yaandikwe kwenye mkataba wa kurasa chache, usainiwe na kikundi, chombo cha watoa huduma na serikali ya kijiji, na usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mtendaji wa kijiji aubandike kwenye ubao wa matangazo. Wananchi wakijua kwamba kikundi fulani kimeahidi kurudi kila mwaka na vipuri, watakidai wenyewe, kwa simu na kwa ujumbe, bila kumsumbua meneja. Na jina la kikundi kilichoahidi kisirudi liwekwe wazi kwenye ofisi zenu za mikoa, ili kikija wilaya nyingine na ngoma mpya kijulikane.

Baadhi yetu tuko tayari kufungwa na masharti haya kesho. Tuchagulieni wilaya moja, hata ile ngumu ambayo hakuna anayeitaka. Tupeni orodha ya vituo vilivyokufa, aina ya pampu mnayoitaka na majina ya mafundi wa vijiji. Tutaanza na vipuri na ndoo zenye koki, na hatutaomba kibao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjitoleaji wa maji na usafi vijijini