Kabla ya kununua programu ya wafadhili, fungueni kwanza kauntabuku

Nilipotea kidogo, si mnajua wiki za tesiti zilivyo... Niko hapa kimbwetani, desa la Upimaji na Tathmini liko mbele yangu na halipandi kabisa, basi acha nitoe lililonikaa rohoni tangu likizo.

Nyumbani kwetu ni Mkula, kwenye barabara ya Kidatu kwenda Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa. Pale kuna kikundi kidogo (jina naliacha, ni watu wangu wale) kinachosaidia watoto wa shule. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa tangu 2016, lakini anayedhani kwamba mtoto sasa anasoma bila hela hajawahi kulipia hosteli, sare, madaftari na chakula cha mchana. Kikundi kinachangiwa na wanakijiji wenyewe, na watoto wa Mkula tulio nje, na wazungu wachache walioletwa na mgeni mmoja aliyewahi kuja kujitolea. Mgeni huyo, kwa nia njema kabisa, alikiunganishia kikundi programu ya wafadhili ya kwenye intaneti, ya kulipia kila mwezi. Analipa yeye kwa kadi yake. Rangi nzuri, michoro ya duara, ukibonyeza kitufe barua ya shukrani inajiandika yenyewe. Watu wakafurahi, picha zikapigwa.

Januari 2025, shule zinafunguliwa, programu haifunguki. Kumbe kadi ya mgeni ilishaisha muda wake wiki kadhaa nyuma, barua za kukumbushia zinaenda kwenye anwani yake ya zamani, na sisi Mkula hatuna habari. Orodha ya watoto imo humo. Nani anamlipia nani, humo humo. Pesa za mfadhili mmoja zilikuwa zimeshaingia benki tangu Desemba, lakini hakuna aliyeweza kusema ni za mtoto gani, na kamati ikaogopa kuzigusa maana zilikuja na masharti. Zilikuwa za hosteli ya binti mmoja wa kidato cha tatu. Alirudishwa nyumbani wiki mbili, hela yake ikiwa imelala benki. Mimi nilimkuta anapalilia mpunga na mama yake, nikamuuliza vipi shule, akasema "nasubiri kompyuta ipone, kaka."

Iliyotuokoa ni kauntabuku ya mama mweka hazina. Yule mama hakuwahi kuiamini mashine, akaendelea kuandika kwa mkono, kimya kimya. Wajumbe walikuwa wanamcheka! Tulikaa naye siku mbili barazani, tukaulinganisha ukurasa kwa ukurasa na karatasi za benki, mpaka jina la binti likaonekana. Nikamwambia mama, hongera. Akanijibu: "Mwanangu, ile mashine yenu ilinikataa tangu siku ya kwanza. Ilitaka nijaze postikodi ya mtu anayekaa nyuma ya mfereji." (Ni kweli tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 postikodi tunazo, lakini niambieni ninyi wasomi, wangapi mnaijua ya kwenu?)

Sasa nije kwenye hoja yangu. Vikundi na asasi zetu zinachagua programu kwa kuanzia mwisho. Wanauliza ipi nzuri, ipi maarufu, ipi ya bure, kabla hawajakubaliana wao wenyewe wanaandika nini, anaandika nani na siku gani. Na mara nyingi anayechagua hata sio wao, ni mfadhili, kwa sababu ripoti itakayotoka inamfaa yeye.

Na wala hatuhitaji kufundishwa na mtu wa nje namna ya kutunza orodha ya wachangiaji. Kila Mtanzania aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi ameshaendesha kanzidata ya wafadhili bila kuijua kwa jina hilo. Angalia daftari la mweka hazina wa kamati: jina, ahadi, alicholipa, kilichobaki, nani wa kumkumbusha. Safu tano tu. Na inafanya kazi! Watu wanakumbushwa mpaka wanazima simu. Hizo safu tano ndizo uti wa mgongo wa programu zote za aina hii, hata zile zinazouzwa kwa maelfu ya dola. Ukiongeza safu ya sita, yaani pesa hii imetolewa kwa kazi gani, tayari umeshalifikia tatizo lililomrudisha yule binti nyumbani.

Tofauti inakuja kwenye mambo ambayo mtengenezaji wa mbali hakuyawaza. Kwetu mtu anachanga gunia la mpunga baada ya mavuno. Mwingine anasubiri malipo ya miwa kutoka kiwandani. Programu inataka tarakimu na tarehe, haina mahali pa kuandika gunia. Wakaandika bei ya gunia ya siku ile, kisha gunia likauzwa baadaye kwa bei nyingine, hesabu zikagoma, na wabaya wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu kala. Halafu majina. Kwenye daftari ni Mama Neema. Kwenye ujumbe wa M-Pesa linatokea jina la kijana wake, kwa sababu laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kijana. Benki anaandikwa kwa jina la ubatizo. Programu ikawa na watu watatu, kila mmoja anapelekewa barua yake ya shukrani, na mmoja wao anadaiwa ahadi ambayo mwenzake ameshailipa. Mama Neema alichukia hadi leo. Hata ile orodha ya kuchagua njia ya malipo ilikuwa bado na Tigo Pesa wakati watu wameshahamia kuiita Mixx by Yas tangu 2024, na hakuna kati yetu aliyekuwa na ruhusa ya kubadilisha neno moja.

Nina rafiki yangu anasoma kompyuta kule Kijitonyama, tumebishana kwa hili mpaka chai ikapoa. Yeye anasema mimi natetea ushamba. Daftari linaliwa na mchwa, linalowa, linabebwa na mtu mmoja, akifa limekufa. Kweli. Anasema pia kwamba Excel sio kanzidata, mtu anapanga safu moja anasahau nyingine, ghafla michango ya Juma imekuwa ya Asha. Kweli tena, na nilishafanya kosa hilo mimi mwenyewe. Akanitolea mfano wa Uingereza, Oktoba 2020, idara ya afya ya umma ya England ilipoacha nje ya hesabu watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na korona, kwa sababu faili la Excel la muundo wa zamani lilijaa na mistari iliyozidi ikaachwa. Nikamwambia, ndugu yangu, muundo ule unabeba mistari 65,536. Sisi tuna wachangiaji mia moja na kitu. Siku Mkula ikijaza faili hilo nitakununulia soda wewe na darasa lako zima.

Akasema basi chukueni za bure. CiviCRM ilitoka 2005, ni programu huria, haina leseni ya kulipia, na imetengenezwa kwa ajili ya asasi kama hizi. Salesforce nao wanatoa leseni kumi bila malipo kwa asasi zisizo za faida. Sawa, sikatai, na kwa asasi yenye ofisi Dar na kijana wa kompyuta wa kuajiriwa ningesema zijaribuni. Lakini bure ya namna hii ni kama kupewa ng'ombe: majani na josho juu yako. CiviCRM inahitaji seva, na mtu wa kuihuisha toleo jipya likitoka. Zile leseni kumi zinahitaji mtu wa kuipanga Salesforce ilingane na kazi zenu, na mtu huyo hafanyi bure. Mkula umeme ukikatika na mtandao ukiyumba, mama mweka hazina anafanyaje kikao kikiwa saa kumi?

Mtasema mimi napinga kila kitu. Hapana. Hapo hapo bondeni kwetu kuna mfano mzuri kuliko yote ninayoijua. Mwaka 1996 watafiti wa Ifakara walianza kuandikisha kaya za vijiji kadhaa vya wilaya za Kilombero na Ulanga, na kuzirudia kila baada ya miezi minne kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Programu yao ilitengenezwa kule Navrongo, Ghana, kwa kazi ya namna hiyo hiyo, sio kununuliwa kwa sababu inang'aa. Na kabla ya kuingiza chochote ilibidi wakubaliane: kaya ni nini? Mkazi ni nani, yule aliyekwenda kuishi shambani msimu mzima wa mpunga yupo au hayupo? Kila mtu akapewa namba yake ya kudumu, hata akibadilisha jina. Namba ya kudumu, jamani! Hicho tu kingemmaliza Mama Neema na wenzake wawili. Au DHIS2, ambayo mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na Chuo Kikuu cha Oslo, na watu wa chuo hiki hiki nilichokaa wamehangaika nayo miaka mingi hadi ikaenea kwenye wilaya zote za Tanzania Bara mwaka 2013. Ilikaa kwa sababu kulikuwa na watu hapa wanaojua kuifungua na kuirekebisha, sio kusubiri mgeni arudi.

Maana jina kubwa halikukingi. Blackbaud ya Marekani ni kati ya kampuni kubwa kabisa za programu za wafadhili, vyuo na mashirika mengi ya Uingereza na Marekani wameweka watu wao humo. Mwaka 2020 wahalifu waliingia, wakachota taarifa, kampuni ikawalipa ili wazifute. Oktoba 2023 ikakubali kulipa majimbo ya Marekani dola milioni 49.5 kumaliza shauri. Na mfadhili mkubwa naye hakukingi. Mmarekani alipositisha misaada Januari 2025, ndani ya wiki chache programu ya tafiti za DHS, ambayo imesaidia tafiti za afya na uzazi za nchi nyingi pamoja na yetu, ilisimama, na watafiti waliokuwa wanaomba data wakakuta mlango umefungwa. Shirika lenyewe la USAID likafungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025. Kama hao walikwama, kadi ya mgeni wetu ni kitu gani?

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji yeyote, wa bure au wa hela, ni hili: siku tukiondoka, tunatokaje na watu wetu? Nionyeshe sasa hivi, mbele yangu, orodha nzima ikitoka na kufunguka kwenye kompyuta nyingine isiyo na intaneti. Akianza kuzunguka, muage.

Kuna jambo moja sikulisema kwenye kikao kwa aibu, nalisema hapa. Programu ilipofunguka tena (mgeni alilipa, alisikitika sana, ni mtu mzuri) niliingia nikaona kila mtoto ana picha, jina la kijiji, na maelezo ya kwa nini anasaidiwa. Wazazi wamefariki kwa ugonjwa gani. Baba yuko gerezani. Na wajumbe wote saba tunatumia neno la siri moja, limebandikwa ukutani ofisini. Wafadhili na watoto wamo kwenye chombo kimoja, anayetuma barua za shukrani anasoma siri za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za watoto na za afya inazihesabu kuwa nyeti. Lakini hata isingekuwepo sheria... yule binti wa kidato cha tatu ana wenzake darasani wenye simu. Mimi nitakuwa mwalimu, najua siri ya mtoto ikitoka staff inafika wapi kabla ya kengele ya mapumziko.

Tulichofanya kwa sasa ni kidogo tu. Faili moja la wachangiaji, safu sita, na namba ya kudumu kwa kila mtu. Mchango wa gunia unaandikwa gunia mpaka liuzwe. Watoto wako kwenye daftari lao, ndani ya kabati la chuma, funguo mbili. Kila mwisho wa mwezi faili linachapishwa na kusainiwa na mama mweka hazina na katibu, na nakala moja inakaa kwangu. Mama sasa anajifunza kuandika mwenyewe kwenye kompyuta, kidole kimoja kimoja, na kauntabuku iko pembeni, hajaiacha.

Mgeni ameandika tena, amepata programu nyingine, anasema hii ni nzuri zaidi. Kamati inakaa likizo ijayo na wameniomba niwepo. Binti yupo hosteli, anajiandaa na mtihani wa taifa. Mimi nina tesiti kesho saa mbili asubuhi na hili desa bado liko ukurasa wa nne.