Apolo wa Mboga na Swali la Mama wa Mkonze



Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa Mkonze alinijia baada ya sala ya Alasiri, uso umemwiva kwa huzuni. Mwanawe wa miaka 17 ameonekana mara tatu akikaa na vijana wa Kikristo wakisoma Biblia. Baba mtu ameapa kwamba ikitokea mara ya nne atamtoa nyumbani na nguo zake. “Mwalimu,” akaniambia, “nimfanyeje mwanangu?”

Hapa petu Ugogo si ajabu ndugu wa tumbo moja mmoja akaitwa Yohana na wa pili Yahya, nao wakazika na kuoza pamoja. Hata hivyo mambo haya yakiingia ndani ya nyumba yako mwenyewe huuma. Nilimwomba anipe muda. Nikarudi kusoma khabari za mtu mmoja ambaye Wakristo wa Uganda na Kongo humwita mtume wa watu wa msituni, yaani Wambuti. Mtu huyo, kabla ya kuwa padri, alikaa mbele ya mwalimu wa Kiislamu.

Jina lake la kuzaliwa ni Waswa Munubi, na hilo la Waswa Waganda humpa mtoto pacha. Alizaliwa katika nchi ya Buganda karibu na mwaka 1864. Wakati huo Uislamu ulikuwa umekwisha fika huko zamani. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyetoka Zanzibar, alikuwa kwa Kabaka Suna mwaka 1844, akathubutu kumwambia usoni kwamba hao anaowaua ni viumbe vya Mwenyezi Mungu. Tena mwaka 1876 Kabaka Mutesa aliwaua vijana Waislamu wa nyumba yake wapatao 70, kwa kuwa walikataa kula nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa. Mashahidi wa Kikristo waliouawa miaka kumi hivi baadaye dunia nzima inawajua. Hawa wetu, ni watoto wangapi wa vyuoni wanaoweza kuwataja?

Basi kijana Munubi alianza kwa mganga. Alijifunza uganga kwake, akagundua kwamba ni hila tupu, akamwacha. Kisha akajifunza kwa Waislamu, na vita vya dini vilipoanza Buganda mwaka 1888 alichukua silaha upande wao. Lakini kabla ya vita hivyo alikuwa amekwisha kumsikia Alexander Mackay, Mskoti fundi wa chuma, ambaye sisi wa nyanda hizi tuna sababu ya kumkumbuka: ndiye aliyekata barabara ya kutoka Saadani hata Mpwapwa mwaka 1877. Huko Buganda Mackay alianza kufundisha kwa vitabu vya Kiswahili, kwa sababu Waislamu wa pwani walikuwa wamekwisha kuieneza lugha yetu katika nyumba ya Kabaka. Kisha akafasiri Injili ya Mathayo kwa Kiganda na kuipiga chapa kwa mtambo wake mdogo.

Angalieni jambo hili. Paulo wa Tarso, kama Wakristo wasimuliavyo, alikuwa njiani kwenda Dameski kuwakamata watu, akaangushwa chini na nuru, akainuka mtu mwingine. Sayyidna Umar bin Khattab naye alitoka na upanga kwenda kumwua Mtume, akapita nyumbani kwa dada yake, akasoma aya za Suratu Taha, moyo ukalainika siku ile ile. Munubi hakuwa hivyo. Mackay aliondoka Buganda mwaka 1887, akafa Usambiro, kusini ya Ziwa, mwaka 1890. Munubi hakubatizwa ila mwaka 1895. Miaka isiyopungua 7 alilibeba neno moyoni, tena mingine kati ya hiyo akiwa na silaha mkononi upande wetu.

Alipobatizwa alichukua jina la Apolo, kwa ajili ya yule Myahudi msemaji wa Iskandaria aliyehubiri katika zama za Paulo. Watu wakamwongezea Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti jekundu la askari alilovaa juu ya kanzu.

Mwaka 1896 alifika Mboga, ambako leo ni mashariki ya Kongo. Mtawala wa huko, Tabaro, alimchukia. Apolo alinyimwa chakula na kupigwa. Siku moja dada yake Tabaro aliangukia mkuki akafa, Apolo akasingiziwa kwamba amemwua, akapelekwa Fort Portal na kutiwa gerezani. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba humo gerezani alimwona Isa aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo. Sisi tuna itikadi yetu juu ya Nabii Isa, alayhis salaam, nayo haibadiliki kwa ndoto ya mtu. Lakini lililofuata ni tendo: alipoachiliwa alirudi Mboga, kwa watu wale wale waliompiga, na Tabaro mwenyewe mwisho akabatizwa kwa mafundisho yake. Baadaye aliingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani zao waliwadharau, akajifunza lugha yao na kuanza kufasiri Injili ya Marko ili waisikie kwa maneno yao. Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliusia alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi yake huko haijakwisha.

Mwalimu wake wa Kiislamu sitamsingizia. Pengine alikuwa mtu mwema kuliko mimi. Lakini naona haya ninapokumbuka kwamba tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1923, iliandikwa na padri wa Zanzibar, Godfrey Dale, na kwamba tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilikamilika mwaka 1969. Padri alitaka wenziwe wajue tunaamini nini. Sisi tuliridhika watoto wetu wahifadhi wasichokifahamu, na kijana akiuliza maana, tulimwonyesha bakora.

Yule mama nilimwendea Ijumaa. Baba mtu alikuwepo. Nilimkumbusha aya ya 256 ya Suratul Baqara, inayokataza kumlazimisha mtu katika dini, akaniambia aijua. Nikamwuliza iwapo amepata kumweleza mwanawe maana yake. Akanyamaza kitambo. Kisha akamwita kijana, naye akaja, akakaa mkekani mbali kidogo na sisi. Nilimwuliza anachotafuta kwa wale wenzake. Akasema, “Mwalimu, kule nikiuliza najibiwa.”

Tangu wiki ile tunasoma Juzuu Amma baada ya Alasiri, sura moja moja na maana yake kwa Kiswahili. Vijana wanaokuja ni 9. Baba mtu naye huja, huketi nyuma karibu na mlango. Juzi alikuwa yeye aliyeuliza swali, nami sikuwa na jibu tayari. Nimeahidi kulileta Jumatatu.