Waaminiwe Wanaoacha Dawa za Sonona

Mwezi Oktoba mwaka 2019 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilirekebisha kauli yake juu ya dawa za sonona. Tangu mwaka 2004 madaktari wa huko walikuwa wakielekezwa kwamba usumbufu unaompata mgonjwa anapoziacha kwa kawaida ni mdogo na huisha baada ya juma moja hivi. Sasa ikakubaliwa kwamba kwa baadhi ya watu usumbufu huo huwa mkali, na huweza kudumu miezi.

Wagonjwa walikwisha kuyasema hayo zamani. Tunauliza: katika miaka 15 hiyo ni wangapi walioonekana waongo?

Dalili zenyewe zinajulikana: kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, kukosa usingizi, ndoto za kutisha, na mshtuko kama wa umeme unaopita kichwani. Mwenye kuzipata huambiwa ugonjwa umerudi, akarudishiwa dawa. Akipata nafuu siku ya pili, nafuu hiyo nayo hufanywa ushahidi kwamba hawezi kuishi bila dawa. Huku kwetu jamaa huongeza yao: ana mapepo, au anadeka. Hii si insafu. Yafaa ifahamike kwamba sonona inaporudi, mara nyingi huja polepole. Dhiki ya kuacha dawa huanza kwa kawaida katika siku chache, tena huleta mambo ambayo mgonjwa hakuwa nayo kabla ya kutibiwa.

Ni kweli kwamba wengi huacha bila taabu kubwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Lancet Psychiatry ulikadiria kuwa wanaopata dalili kwa sababu ya kuacha dawa ni kama 15 katika kila 100, na wanaozidiwa ni 3 hivi. Lakini hao 3 wana kazi na watoto kama wengine.

Mwaka 2019, katika jarida hilo hilo, watafiti Mark Horowitz na David Taylor walieleza kwa nini kukata kidonge nusu, kisha kuacha, hakutoshi. Miligramu chache za mwisho ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi katika ubongo. Kwa hiyo kadiri dozi inavyokuwa ndogo ndivyo hatua za kupunguza zinavyopaswa kuwa ndogo zaidi, pengine kwa miezi mingi. Aliyekwisha kuacha ghafla na akateseka arudi kwa daktari mapema: huenda akarudishwa kwenye dozi ya awali, kisha akaanza kushuka taratibu. Asijiamulie peke yake.

Tatizo ni kwamba huku kwetu wapo wanaoacha bila kuamua. Dawa imekwisha zahanati, au nauli haipo. Mtu huyo hana hata wa kumweleza kinachompata. Kwa hiyo tunataka mganga anayeandika dawa hizi amweleze mgonjwa, siku ile ile ya kwanza, namna zinavyoachwa, na jamaa yake awepo akisikia.