Daktari wa ng'ombe naye ameitwa



Mwishoni mwa Mei, wiki ile watoto wetu wa Kidato cha Sita walipomaliza mitihani, mchungaji wetu aliwaita mbele ya madhabahu ili waombewe. Walikuwa tisa. Kila mmoja alipewa kipaza sauti ataje anachotaka kwenda kusomea. Wa kwanza akasema sheria, tukapiga makofi. Wa pili akasema udaktari, akina mama wakapiga vigelegele. Ikafika zamu ya binti mmoja anayeimba sauti ya pili katika kwaya ya vijana. Akasema, "Nataka kuwa daktari wa mifugo."

Kanisa likacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya, ni kile cha watu wanaodhani mtoto ametania. Mzee aliyekuwa na zamu ya kuomba alipomfikia, alimsihi Bwana amwinue binti huyu juu zaidi, ampe udaktari wa watu. Tukaitikia amina, mimi nikiwa miongoni mwao.

Nilipoketi, amina ile ilinikwama kooni, maana si mara yangu ya kwanza. Zaidi ya miaka kumi iliyopita baba mmoja wa ushirika wetu alinijia nyumbani, nikiwa mzee wa kanisa, kuomba ushauri. Kijana wake alikuwa amepata nafasi ya kusomea tiba ya mifugo chuo kikuu. Nilimwambia, "Ndugu yangu, mtoto mwenye akili hivi unampeleka kwenye kinyesi cha ng'ombe? Arudie mtihani, apate alama za udaktari." Akanisikiliza. Akauza ng'ombe, kijana akarudia mtihani, na matokeo yakaja mabaya kuliko ya kwanza. Leo anauza mabati na misumari kwenye duka la mtu. Tukikutana huniambia, "Shikamoo mzee," kwa adabu ileile, kisha huniuliza hali ya mbuzi wangu. Siku moja aliniambia dume langu lina minyoo kwa kulitazama tu kutoka barabarani. Ilikuwa kweli.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze, wewe mzazi, wewe kijana, na wewe mzee mwenzangu unayependa kutoa ushauri.

Tumepata wapi wazo kwamba kumhudumia mnyama ni wito wa daraja la pili? Si kwenye Biblia. Soma mwisho wa kitabu cha Yona, pale Mungu anapomweleza nabii sababu za kuihurumia Ninawi. Anataja watu, halafu anataja na wanyama, na kitabu kinaishia hapohapo. Mithali 12:10 inampima mwenye haki kwa namna anavyoujali uhai wa mnyama wake. Na Bwana Yesu alipobanwa kuhusu kuponya siku ya sabato, katika Luka 14 aliwauliza wakubwa wa dini kama kuna yeyote kati yao ambaye ng'ombe wake angetumbukia kisimani asimtoe. Hawakuwa na jibu, kwa sababu kila mmoja alijua angemtoa. Hoja ile ilifanya kazi kwa watu waliojua thamani ya ng'ombe. Sisi wa mjini tunaokutana na ng'ombe kwenye sahani tumeanza kuisahau.

Nawe uliyecheka, huenda umekunywa chai ya maziwa asubuhi ya leo. Nani alihakikisha ng'ombe yule hana ugonjwa wa kutupa mimba, ambao binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi? Nyama uliyonunua jana ilipigwa mhuri machinjioni. Nani aliikagua maini na mapafu kabla ya mhuri? Ikizuka kimeta, au homa ya Bonde la Ufa kama ile iliyoua watu na mifugo nchini Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007, kazi ya kuizuia huanzia kwenye zizi. Na kichaa cha mbwa? Dalili zikishaanza kwa aliyeng'atwa, karibu hakuna anayepona, na kati ya wanaokufa wapo watoto wengi. Chanjo ya mbwa mtaani kwenu ni uhai wa mjukuu wako.

Waulize wazee wa jamii za wafugaji kuhusu sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890, ukafagia mazizi, na njaa ikafuata. Wamaasai hawajausahau mpaka leo. Baadaye mtaalamu wa mifugo aitwaye Walter Plowright, akifanya kazi na wenzake hapa jirani Muguga, Kenya, alitengeneza chanjo bora ya sotoka, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba ugonjwa huo umetokomezwa duniani. Magonjwa mawili tu ndiyo yamewahi kutokomezwa kabisa na mwanadamu, ndui na sotoka. Moja kati ya hayo mawili ni kazi ya hawa tunaowacheka.

Sasa nigeukie kwako kijana, maana kuheshimu wito ni jambo moja na kuuandalia ni jingine. Katika Luka 14 hiyohiyo, mistari michache mbele, Bwana anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akahesabu gharama. Wengi wetu tunaupenda mnara, lile la kukaa na kuhesabu tunamwachia mchungaji aombe.

Kaa chini basi, tuhesabu. Shahada ya tiba ya mifugo hapa nchini huchukua miaka mitano. Chuo kinachojulikana zaidi kwa fani hii ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kubeba jina la Edward Moringe Sokoine, mtoto wa wafugaji wa Monduli aliyepanda hadi kuwa Waziri Mkuu. Mlango wake hauanzi kufunguka Julai matokeo yanapotoka. Unaanza kufunguka Kidato cha Pili na cha Tatu, unapoamua kutokuikimbia kemia. Biolojia na kemia ndizo nguzo. Ukizikosa hizo, usimlaumu shetani. Ukichagua tahasusi ya Kidato cha Tano, uliza kwanza inakufikisha wapi. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili chenye sifa za kila kozi ya kila chuo. Kisome wewe mwenyewe. Usisomewe na binamu aliyemaliza chuo miaka minane iliyopita, wala na kijana wa stationery anayekujazia fomu huku akijibu simu, kwa kuwa sifa hubadilika. Na kama alama za Kidato cha Nne hazikukupeleka cha Tano, vyuo vya mafunzo ya mifugo vinatoa astashahada na stashahada ya afya ya wanyama. Mwenye stashahada nzuri anaweza kuomba shahada baadaye. Njia hiyo ni ndefu, ila inafika, na atakayeipita atakuwa ameshashika sindano kabla wenzake hawajaiona.

Kuna maandalizi mengine ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha udahili, nami nayaona makubwa kuliko alama. Nenda kwa bwana mifugo wa kata yenu. Msalimie, mwambie unachotaka kusomea, umwombe ufuatane naye likizo hii. Shika kamba siku ya josho. Beba boksi la chanjo. Simama machinjioni alfajiri uone anavyokagua. Kesha naye usiku ambao ng'ombe wa mjane anashindwa kuzaa, ndama amekaa vibaya tumboni, na mkono wa daktari umezama hadi begani. Hapo utajua. Wapo wanaopenda wanyama kwa sababu ya picha za watoto wa mbwa, na siku ya kwanza ya damu wanazimia. Si dhambi kuzimia. Lakini ni afadhali uzimie likizo ya Kidato cha Tano kuliko mwaka wa tatu wa chuo, mkopo ukiwa umeshatumika.

Utajifunza huko na jambo ambalo sisi wahubiri tunalisema vibaya: daktari wa mifugo anamhudumia mtu kupitia mnyama. Ng'ombe mmoja anapokufa kwa ndigana, kuna ada ya shule imekufa, kuna bima ya familia imekufa. Lazima ujue kuketi na mzee anayelia kimyakimya kando ya mzoga, na wakati huohuo umkataze kuuza nyama yake. Nani anakufundisha hilo? Kwa maoni yangu shule ya Jumapili ingeweza kukufundisha, kama isingekuwa na shughuli nyingi za kukariri.

Kuna watakaonijibu, "Mzee, unawapeleka watoto kwenye fani isiyo na ajira." Sitawadanganya. Ajira za serikali hazitoshi wahitimu wote, na wapo waliomaliza wakasubiri. Ihesabu na hiyo kwenye mnara wako. Lakini nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, mbali na mbuzi, kondoo na kuku, na mfugaji wa kuku elfu moja hamngoji afisa wa serikali mdondo unapoingia bandani. Anayejiandaa kufungua huduma yake, akasajiliwa na Baraza la Veterinari kama sheria inavyotaka, halafu akakubali kwenda mbali na lami, huyo nina matumaini naye. Anayetaka koti jeupe na kiti cha kuzunguka mjini, simwambii aende.

Na maombi? Naombea watoto, nami naamini maombi. Ila nimechoka kuona mama anauza kitenge alipe nauli ya mkesha ambapo kalamu za watoto zinapakwa mafuta, huku mtoto huyohuyo hajawahi kufanya jaribio moja la kemia kwa mikono yake. Kusoma saa mbili kwa utulivu kila usiku ni utii. Danieli na wenzake waliomba, na walikaa pia miaka mitatu darasani Babeli wakisoma lugha na elimu ya Wakaldayo.

Kanisa nalo lina la kufanya zaidi ya kupiga vigelegele. Kati ya waumini wetu kuna maafisa mifugo. Kwetu wapo wawili. Mmoja hukusanya sadaka kila Jumapili, na sijawahi kumsikia akipewa dakika tano aongee na vijana kuhusu kazi yake. Mwaka jana tulichanga fedha za spika mpya, na zinapiga kelele vizuri. Hatukuchanga nauli ya mtoto mmoja kwenda Morogoro kukiona chuo anachokiota. Nami nilikuwa kwenye kamati, kwa hiyo ninajisema mwenyewe.

Jumatano baada ya ibada ya maombi nilimtafuta mama wa yule binti, nikamwomba radhi kwa amina yangu. Akacheka, akasema, "Baba, mwanangu hakuisikia hata hiyo amina, alikuwa anafikiria mkopo." Kumbe shida yao ni nyingine kabisa. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na jina la binti kwenye cheti limeandikwa tofauti na lile la shuleni. Wamejua wiki hii. Dirisha la maombi bado halijafunguliwa, kwa hiyo muda upo, japo si mwingi. Msomaji mwenye mtoto wa Kidato cha Sita, kabla hujala chakula cha mchana leo, toa vyeti vyake vyote kwenye sanduku, uvilinganishe herufi kwa herufi.

Sisi kesho kutwa asubuhi tunakwenda na mama na binti yake kulishughulikia hilo jina. Nimeomba ruhusa kazini.