SIKIO NALO NI KIUNGO, LILIPWE



Mtu akikatwa kidole na mashine, tajiri hawezi kubisha, kwa kuwa kidole hakipo na kila mtu anaona. Lakini mtu akipigwa na chuma kichwani, au bomba la mvuke likipasuka karibu naye, kisha sikio likawa linavuma mchana na usiku, huambiwa nini? Huambiwa ni nta, ni uzee, au alizaliwa hivyo. Hayo ni maneno ya kukwepa kulipa, nasi tunayakataa.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 haikusema kwamba jeraha lisiloonekana kwa macho si jeraha. Kupoteza usikivu kumo katika jedwali lake, na fidia ya ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, kwa kadiri ya asilimia ya ulemavu wenyewe.

Tajiri anasema, "Thibitisha kwamba sikio lilikuwa zima kabla ya ajali." Vema. Kanuni za Kelele za mwaka 2005 zinakataza mtu kuwekwa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika saa 24, tena zinamtaka tajiri awapimishe masikio wanaofanya kazi penye kelele kubwa. Basi karatasi za vipimo ziko wapi? Kama alipima, na azitoe tuzisome pamoja. Kama hakupima, asimdai mfanyakazi ushahidi ambao kuuweka ilikuwa kazi yake mwenyewe.

Na sisi tusilale. Madai yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Anayengoja sikio lipone lenyewe atakuta muda umekwisha. Kila aliyeumia kichwa na aarifu siku ile ile, mbele ya mwakilishi wa chama, na neno "sikio" liandikwe. Tajiri akishapata habari ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Uamuzi wa Mkurugenzi usiporidhisha, pingamizi lipelekwe kwake ndani ya siku 60. Mtu asitie sahihi karatasi yoyote ya malipo kabla ya kuileta tawini.

Wazee husema sikio la kufa halisikii dawa. Masikio yetu hayakufa yenyewe, ndugu, yaliuawa kazini. Yalipwe.

UMOJA NI NGUVU!