Mitambo ya Upepo: Hofu ya Afya, Kesi za Ardhi na Swali la Lamu

Februari 2016 wawekezaji waliotaka kujenga kituo cha umeme wa upepo Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, walitangaza kwamba wameshindwa. Mradi ulikuwa wa takriban megawati 60, mitambo 38, na pesa nyingi zilikuwa zimeshatumika. Mwaka mmoja kabla ya hapo mtu mmoja alikuwa ameuawa kwa risasi katika maandamano ya wakazi. Ukiuliza Nairobi ni nini kilichouangusha mradi ule, wengi watakujibu kwa neno moja: uvumi. Eti wanavijiji waliambiwa mitambo itadhuru afya zao na mifugo yao, wakaamini, wakaingia barabarani.

Mimi naliona jibu hilo ni jepesi mno, na lina hatari kwetu sisi wa Pwani. Baharini, kule Mpeketoni, kuna mpango wa mradi wa megawati 90 kwenye ekari 3,206. Umezungumzwa zaidi ya miaka kumi. Kampuni mbili zimeburutana mahakamani juu ya ardhi, wenye mashamba wamengoja fidia hadi wengine wamechoka kuuliza, na mitambo haijasimama. Siku itakaposimama, maswali ya Kinangop yatakuja Lamu yakiwa yaleyale. Ni vyema tuyapange mapema, lipi lina msingi na lipi halina.

Tuanze na afya, maana ndilo linalochekwa zaidi.

Yako madai kwamba mitambo hii hutoa sauti nzito mno isiyosikika kwa sikio, na kwamba sauti hiyo huleta kizunguzungu, maumivu ya kichwa, hata maradhi ya moyo. Wizara ya afya ya Canada ilifanya uchunguzi mkubwa katika mikoa ya Ontario na Prince Edward Island, ikahoji watu 1,238 wanaoishi karibu na mitambo, na matokeo yake yalitolewa 2014. Haikupata uhusiano kati ya kelele za mitambo na maradhi hayo, wala na usingizi mbovu kama watu wenyewe walivyoueleza. Ilichopata ni kero: kadiri kelele ilivyozidi, ndivyo walivyozidi watu waliosema inawasumbua sana. Huko New Zealand watafiti waliwaketisha watu chumbani wakawaambia watasikilizishwa sauti hiyo isiyosikika. Wale waliokuwa wameonyeshwa habari za kutisha kabla ya jaribio waliripoti dalili hata pale ambapo hawakuchezewa sauti yoyote. Hofu yenyewe ilitosha kuwaumiza.

Lakini asichukue mtu habari hiyo akaenda kuwaambia wazee wa Baharini kwamba yote ni mawazo tu. Kelele inayosikika ni jambo jengine. Panga la mtambo likipita hewani hutoa mvumo unaopanda na kushuka, vum, vum, vum, usiku kucha. Na usiku ndio wenye taabu. Mara nyingi jua likishazama upepo wa chini hutulia, majani ya mnazi hayasikiki tena, lakini juu kule, mita themanini au mia, upepo unaendelea kuvuma na mapanga yanaendelea kuzunguka. Mchana upepo wa kusi ungeifunika sauti ile. Usiku inabaki peke yake. Mtu asiyelala kwa miezi ataugua, na hahitaji nadharia yoyote ya ajabu kulieleza hilo.

Kisha kuna kivuli. Mapanga yakikatiza mbele ya jua, nyumba iliyo nyuma hupata mwanga unaokatika na kurudi kama taa mbovu. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu hutoka mashariki na kuzama magharibi takriban sawasawa mwaka mzima, kwa hiyo nyumba za kuangaliwa sana ni zile zilizo upande wa magharibi wa mtambo asubuhi na upande wa mashariki jioni. Hesabu yake si ngumu na hufanywa kabla hata ya kuchimba shimo moja.

Mahakama za ng'ambo zimelichukuliaje suala hili? Si kwa namna moja. Ontario, 2011, jopo la mazingira lilikataa rufaa ya wakazi dhidi ya mradi mmoja, lakini likasema neno ambalo mawakili wanalikumbuka: kwamba swali si kama mitambo inaweza kudhuru watu, kwa sababu inaweza ikiwekwa karibu mno na makazi, swali ni kiasi gani na umbali gani. Sheria ya mkoa huo inataka angalau mita 550 kutoka nyumba ya mtu.

Ufaransa, Julai 2021, Mahakama ya Rufaa ya Toulouse iliwapa mume na mke fidia ya zaidi ya euro 100,000 kwa madhara waliyoyapata kutokana na mitambo sita, wa karibu zaidi ukiwa mita 700 hivi kutoka kwao. Katika kesi hiyo kuna jambo moja dogo ambalo nadhani ndilo kubwa. Mitambo ilianza 2008 na kwa miaka kadhaa hawakulalamika. Taabu ilianza pale msitu uliokuwa katikati ulipokatwa. Na Ireland, Machi 2024, Mahakama Kuu iliamua kwamba kelele za mitambo miwili huko Wexford ni kero ya kisheria kwa majirani, hasa jioni na usiku. Mahakama ile haikuhitaji kuthibitisha ugonjwa usio na jina. Ilisikiliza rekodi za sauti na wataalamu wa sauti.

Turudi nyumbani. Kanuni zetu za kelele za mwaka 2009 zinasema kwamba nje ya nyumba katika maeneo ya makazi kelele isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku. Thelathini na tano ni kiwango kikali. Ontario, kwa mfano, inaruhusu 40 usiku katika upepo wa wastani. Kwa hiyo mkazi wa kijijini tayari ana silaha kwenye vitabu. Tena Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyeumia au kupata hasara. Wengi hawalijui hili. Hungoji mtoto augue ndipo ushtaki.

Hata hivyo, ukiangalia kesi ambazo wanyonge wameshinda hapa Kenya, utaona zilishindwa na mwekezaji mahali pengine kabisa. Kule Marsabit kuna mitambo 365 ya Ziwa Turkana, megawati 310, kwenye ardhi ya ekari 150,000. Wakazi walikwenda kortini 2014. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru ikasema hatimiliki za ardhi ile zilipatikana kinyume cha utaratibu, ikatoa mwaka mmoja makosa yarekebishwe. Mapanga wakati huo yalikuwa yakizunguka kwa miaka. Hapa Lamu, Juni 2019, jopo la mazingira lilifuta leseni ya mradi wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa inavyostahiki. Moshi na majivu ya makaa yalitajwa, naam, lakini kilichokata shauri kilikuwa mikutano iliyofanywa ovyo na ripoti ambazo watu hawakupewa nafasi ya kuzisoma.

Mahali ambapo afya yenyewe ilishinda ni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia watu madini ya risasi mwilini, na 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda na kushuka hadi Mahakama ya Juu ikairejesha fidia ile Desemba 2024. Walishinda kwa sababu damu ilipimwa na udongo ulipimwa. Kulikuwa na namba.

Sasa niseme kinachonitia wasiwasi kuhusu Baharini. Watu wakitishwa kwamba mitambo itawaua, watasimama mahakamani na dai ambalo wakili wa kampuni atalivunja kwa dakika kumi kwa uchunguzi wa Canada. Na wakishavunjwa hapo, malalamiko yao ya haki, ya fidia, ya kelele za usiku, ya nyumba iliyo karibu mno, yataonekana nayo ni uvumi. Kinangop ilikuwa hivyo. Kulikuwa na masuala ya kweli ya mashamba na ya watu kutoulizwa, yakafunikwa na yale ya kutisha, na mwisho wake kijiji hakikupata umeme wala mwekezaji hakupata faida. Wawekezaji waliishtaki serikali katika usuluhishi wa kimataifa, wakashindwa.

Upande wa pili nao una lake. Kampuni inayokuja kwenye mkutano na soda na fulana, ikasema mitambo haina kelele kabisa, inasema uongo, na uongo huo utajulikana usiku wa kwanza wa upepo. Heri ije na ramani inayoonyesha kila nyumba na desibeli zake, iseme wazi nani atahamishwa na kwa bei gani.

Mkazi naye akae na ripoti ya tathmini ya mazingira, ni haki yake kuiona, na asianze na kurasa za mwanzo zilizojaa sifa za mradi. Aende moja kwa moja kwenye sehemu ya kelele. Aulize imepimwa wapi, kijiji gani, mchana au usiku wa manane, wakati wa kusi au wa kaskazi, na nyumba ya karibu kabisa iko mita ngapi. Kama ilipimwa mchana mmoja kando ya barabara kuu, hapo ndipo pa kuanzia kesi, kabla mtambo wa kwanza haujashushwa bandarini.